Droni ya kaunti imepiga picha boma langu: nina haki gani?

*Salamu sana mtaalamu. Mimi ni mjane, ninaishi Otonglo, Kisumu. Marehemu mume wangu aliniacha na ploti yenye nyumba yetu na vyumba vya kupangisha tulivyojenga nyuma, kando ya kibarabara cha mtaa. Mwezi uliopita droni ilizunguka juu ya mtaa asubuhi yote, inaenda na kurudi. Ijumaa iliyopita nimeletewa barua ya kaunti. Inasema vyumba viwili vimejengwa bila idhini na vimeingia mita mbili kwenye hifadhi ya barabara, nimepewa siku 21 nivibomoe. Wameambatisha picha ya boma langu kutoka juu, hata tangi na nguo zilizoanikwa zinaonekana. Kisha juzi jioni, giza likiingia, droni imekuja ikasimama juu ya bafu letu la nje, ambalo halina paa. Ilikuwa chini hivi kwamba upepo wake ulipeperusha taulo. Binti yangu alikuwa anaoga. Mpangaji mmoja anasema ikirudi tuitungue kwa manati. Mwingine anasema droni ya serikali haiulizwi na mtu. Je, kaunti ina ruhusa ya kunipiga picha bila kunihusisha? Na kama haina, barua hiyo si imekufa? Naomba unielekeze.*

Mama, pole sana, hasa kwa hilo la binti yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba umezifunga droni mbili katika fundo moja. Ile ya asubuhi na ile ya jioni hazifanani kwa mwendo, kwa kimo wala kwa saa, na ninashuku hata mwenyewe si mmoja. Nitazitenganisha. Lakini kabla ya droni yoyote kuna barua, na barua ina saa inayotembea.

Itazame tena uone kama imeandikwa kuwa ni ilani ya utekelezaji chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Nina hakika karibu kamili kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu ndiyo njia ya kaunti kumwambia mtu abomoe jengo lisilo na idhini. Wewe umeshika siku 21 za kubomoa. Sheria hiyo inakupa siku 14 tangu kupokea ilani za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya upangaji wa ardhi. Kwa hiyo usizipigie hesabu hizo 21, hesabu 14 kuanzia Ijumaa ile. Watu wengi hukaa wakibishana kuhusu uhalali wa picha hadi siku za rufaa zinapita, kisha tingatinga linakuja na hakuna karatasi ya kulizuia. Peleka rufaa kwanza, hata kama ni ya ukurasa mmoja, halafu tuendelee na haya mengine.

Sasa huyo mpangaji anayesema droni ya serikali haiulizwi. Kuna kipande cha ukweli ndani yake, ndiyo maana maneno hayo yanaenea. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unatenga ndege za dola na kuzieleza: ni zile zinazotumika katika kazi za jeshi, forodha na polisi. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 8, unasema chombo kinachoruka bila rubani ndani yake hakiwezi kupita juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Walioandika mwaka huo hawakuwa wamewahi kuona kidude cha gramu 900 kinachorushwa kwa simu, lakini mlango waliuacha wazi.

Idara ya ardhi ya kaunti si jeshi, si forodha, si polisi. Afisa wa upangaji akirusha droni kupiga picha za mtaa, au akimlipa mtu wa nje amfanyie kazi hiyo, kanuni zinazomfunga ni zilezile zinazomfunga mpiga picha za harusi. Kanuni zenyewe zina historia ya kuchosha kidogo. Zilitolewa za kwanza mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka uliofuata, na hadi zilipokuja nyingine mwaka 2020 mtu wa kawaida hakuwa na njia ya wazi ya kurusha droni kihalali nchini. Hizo za 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani KCAA, zinataja serikali ya taifa na serikali za kaunti miongoni mwa wanaoruhusiwa kumiliki droni. Ona hilo: kaunti imetajwa kama mmiliki mwenye masharti, haikuachwa nje ya uzio. Droni isajiliwe. Anayeirusha awe na leseni. Shirika linaloendesha kazi liwe na cheti cha uendeshaji, na bima ya kumlipa mtu wa tatu ikimwangukia. Isipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, yaani takriban mita 120. Isimkaribie mtu, gari au jengo lisilo chini ya usimamizi wa mrushaji kwa chini ya mita 50, isipokuwa kwa idhini. Usiku hairushwi bila idhini maalumu.

Na kwa nyinyi wa Kisumu kuna sharti moja ambalo watu hulisahau ingawa ndege zinawapita juu ya vichwa kila siku. Droni hairuhusiwi ndani ya kilomita 10 za uwanja wa ndege mkubwa bila idhini ya KCAA. Pima kwenye ramani kutoka uwanja wa Kisumu: Otonglo imo ndani kabisa, Riat imo, Kondele imo, Nyalenda na Manyatta zimo. Karibu jiji zima limo. Maana yake ni kwamba ile droni ya asubuhi, ikiwa ilikuwa halali, lazima kuna karatasi mahali fulani inayotaja tarehe, saa na eneo lake, na waongozaji wa ndege walikuwa na habari. Mtu wa Ahero au Maseno hana bahati hiyo ya ushahidi. Wewe unayo, na nitakuonyesha jinsi ya kuiomba.

Nieleze kwanza ile ya asubuhi ilikuwa ikifanya nini. Droni ya upimaji huruka kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayelima kwa maksai: inafika mwisho wa shamba, inageuka, inarudi pembeni ya mfereji wa kwanza. Kamera inatazama chini moja kwa moja na kupiga picha kila baada ya sekunde chache, na kila picha inarudia sehemu kubwa ya iliyotangulia, mara nyingi asilimia 70 hadi 80. Kurudia huko ndiko kunakoiwezesha programu ya kompyuta kuona kitu kilekile kutoka pembe kadhaa, ikokotoe urefu wa jengo, na kuunganisha mamia ya picha kuwa moja kubwa iliyonyooshwa. Hakuna mtu anayekaa akikutazama wewe. Mrushaji mara nyingi hata haitazami skrini sana, anatazama betri na upepo wa ziwa.

Inaona nini? Kwa kamera ya kawaida ya kazi hiyo, droni ikiwa mita 100 juu, nukta moja ya picha hufunika karibu sentimita 3 za ardhi. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo unakuwa nukta tano. Huwezi kumtambua mtu kwa nukta tano. Namba ya gari haisomeki. Ila bati jipya na bati lililoota kutu zinatofautiana vizuri, tangi linaonekana, shuka kwenye kamba inaonekana, na kivuli cha ukuta kinatosha kuonyesha chumba kiliongezwa lini ukilinganisha na picha ya mwaka mwingine. Ndiyo maana kaunti zinaipenda kazi hii. Afisa mmoja kwa miguu angezunguka Otonglo wiki nzima akifungiwa milango na kufukuzwa na mbwa. Sisemi hivyo kuwatetea. Nasema ujue kwamba picha uliyoambatishiwa ni ya mtaa mzima, na boma lako limekatwa kutoka humo.

Hapa ndipo penye jambo zito zaidi katika barua yako, na hukuliuliza. Wanasema umeingia mita mbili kwenye hifadhi ya barabara. Picha ya droni haina mipaka ya ardhi ndani yake. Mtu ameketi ofisini akachukua mistari kutoka ramani ya usajili, ile ambayo maofisa wa ardhi huiita RIM, akailaza juu ya picha, kisha akapima kwa kipanya cha kompyuta. Makosa yanaweza kuingia pande zote mbili. Upande wa picha, droni isiyosahihishwa kwa alama zilizopimwa ardhini au kwa kifaa cha usahihi inaweza kuihamisha picha nzima kwa mita mbili au tatu, na kwa macho kila kitu kikaonekana sawa kabisa. Upande wa ramani ni mbaya zaidi. Ardhi ya mashambani ilipokuwa ikisajiliwa nchini kuanzia miaka ya 1950, watu waliambiwa wapande ua mipakani ili uonekane kutoka juu. Ndege ikapita ikapiga picha, picha zikakuzwa, na mipaka ikachorwa kutoka humo, mara nyingi bila picha kunyooshwa kwanza. Mnaoshangaa leo kupigwa picha na chombo cha angani, hati zenu za kwanza nyingi zilitoka huko huko angani. Ramani za namna hiyo hazikukusudiwa kutoa jibu la mita mbili, na sheria yenyewe inakubali: kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema mipaka iliyomo kwenye ramani ni ya kukadiria tu, isipokuwa pale rejista inapoonyesha kwamba imewekwa rasmi. Kifungu hichohicho kinazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajauamua.

Basi katika rufaa yako andika wazi kwamba unapinga hizo mita mbili, na uombe Msajili wa Ardhi pamoja na mpima ardhi waje kwenye ploti. Ukiweza kumlipa mpima ardhi binafsi mwenye leseni, aje mapema akutengenezee ripoti. Uliza pia hicho kibarabara ni cha nani. Kama ni cha mtaa, kaunti ina usemi. Ingekuwa ni ile barabara kuu ya Busia, hifadhi yake ingekuwa mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na ungejibizana na watu wengine kabisa.

Kuhusu madai ya kujenga bila idhini, nitakuwa mkweli. Kama vyumba hivyo havikuidhinishwa, droni haramu haivifanyi viwe halali. Katiba, kifungu cha 50(4), inaitaka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ya mtu, lakini ni pale tu kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki au kuathiri utoaji wa haki. Hata picha ikitupwa nje, afisa anaweza kuja kesho kwa miguu, asimame barabarani, aone vyumba vinne badala ya viwili. Kwa hiyo barua haijafa, mama. Tafuta kwenye karatasi za marehemu. Mara nyingi michoro iliyopigwa muhuri hukaa pamoja na risiti za malipo ya zamani, na ofisi inayokuandikia haina nakala yake. Ikikosekana, kaulize mtaalamu wa upangaji wa ardhi kama vyumba vinaweza kurasimishwa baada ya kujengwa. Huwa inagharimu, na haikubaliwi kila mara, lakini ni bei ndogo kuliko matofali.

Je, walipaswa kukuomba ruhusa kabla ya kupiga? Watu wengi wanaamini bila ridhaa hakuna picha. Sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja ridhaa kama sababu mojawapo tu ya kushughulikia taarifa za mtu. Nyingine ni kutekeleza kazi ya umma iliyowekwa na sheria, na kaunti itaegemea hapo. Lakini kazi ya umma haimwondolei mtu wajibu mwingine. Picha ya boma likiwa limeambatishwa jina lako na namba ya ploti tayari ni taarifa yako binafsi. Una haki ya kujulishwa inakusanywa kwa ajili gani, kuiona, kudai irekebishwe ikiwa ina makosa, na kupinga isitumike nje ya lengo lake. Picha iliyopigwa kwa ajili ya makadirio ya kodi za ploti ikageuzwa kuwa ya kuwinda majengo bila kuwaambia wakazi, hapo pana la kujibu. Tangazo barazani kwa chifu wiki moja kabla lingetosha kuondoa nusu ya hasira yenu, na sijui kwa nini kaunti zinaona uzito kufanya hivyo.

Mlalamikaji huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko yanaweza kuwasilishwa kwa mtandao au kwa mkono, na sheria inatarajia yashughulikiwe ndani ya siku 90. Ona tofauti: siku 90 kwa data, siku 14 kwa nyumba.

Kuna msomaji atakayeniuliza kuhusu anga ya ploti, maana si ardhi ni yetu mpaka juu? Katiba yetu, kifungu cha 260, kweli inapoeleza ardhi inataja pia anga iliyo juu yake. Lakini haki hiyo haiendi hadi mbinguni. Kuna kesi ya Uingereza ambayo mawakili wa huku huitaja, ya Bernstein dhidi ya Skyviews. Kampuni ilipiga picha ya nyumba ya tajiri mmoja kutoka kwenye ndege kisha ikaja kumuuzia. Akaishtaki kwa kuingia katika anga yake. Akashindwa: jaji alisema mwenye ardhi ana haki hadi kimo anachohitaji kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yake, na ndege ile ilipita juu zaidi. Ila jaji huyohuyo aliongeza kwamba mtu akifuatiliwa mara kwa mara kutoka angani, kila anachofanya nyumbani kikapigwa picha, mahakama inaweza kumlinda. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unatoa mwanga. Droni ya asubuhi, mita 100 juu, imepita mara moja: huna kesi kubwa ya anga. Ile ya jioni imeshuka hadi inapeperusha taulo yako. Hiyo ni habari nyingine.

Tuje kwake basi. Hakuna kazi ya upimaji inayofanywa giza likiingia. Kamera inahitaji jua, na vivuli virefu vya jioni huharibu picha. Hakuna kazi ya upimaji inayosimama mahali pamoja. Hakuna mrushaji mwenye cheti anayeshuka juu ya bafu la mtu. Hata mashine za Zipline, zinazotoka Chemelil zikipeleka damu, chanjo na dawa hospitalini, ambazo watu wa vijiji vingi wamezishuku kuwa za kupeleleza, zina mabawa kama ndege ya kweli, haziwezi kuelea mahali pamoja, na mzigo huangushwa kwa mwavuli bila chombo kutua. Ulichokiona ni droni ndogo ya rafadha nne, na mwenye nayo alikuwa karibu. Betri yake hudumu nusu saa au pungufu, na kanuni zinamtaka mrushaji aione kwa macho yake. Wavunja sheria nao hawaendi mbali sana, kwa sababu mawimbi hukatika kwenye majengo.

Usiitungue. Najua hasira, na kama ningekuwa baba wa binti huyo ningetafuta jiwe kubwa kuliko la manati. Lakini mwenye droni anaweza kukugeuzia kibao akakushtaki kwa kuharibu mali kwa nia mbaya, nawe ukawa mshtakiwa badala ya mlalamikaji. Rafadha zinazozunguka hukata vidole. Betri za lithiamu zikipasuka huwaka moto usiozimika upesi, juu ya paa la vyumba vya kupangisha. Na ikivunjika vipande, ushahidi umevunjika nao. Droni nyingi huandika zenyewe kila safari: saa iliyopaa, mahali ilipopaa, njia, kimo. Nakala hukaa pia kwenye simu ya mrushaji. Polisi wakiipata ikiwa nzima, mengi watayapata humo.

Ikirudi, msiitazame ilipo, tazameni inakokwenda. Droni hizi zimepangwa kurudi zilikopaa betri inapopungua, kwa kawaida kwa mstari ulionyooka. Wawili watatu wakisimama pembe tofauti za mtaa, mmoja akirekodi kwa simu huku akitaja saa kwa sauti, mtajua imetua kwenye uwanja gani. Msiende kumvamia mtu. Chukueni jina la nyumba au ploti, mwite mzee wa Nyumba Kumi awe shahidi.

Hata isiporudi, nenda polisi sasa, usingoje. Dai namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Kama binti yako hajatimiza miaka 18, sema hivyo mwanzo kabisa na uombe dawati la jinsia na watoto. Mwambie afisa mambo matatu kwa mpangilio huu: mtu alipigwa picha akiwa anaoga, chombo kiliruka gizani, na kiliruka karibu na uwanja wa ndege. Hilo la mwisho litamfanya anyanyue kichwa hata yule aliyekuwa akiona ni mchezo wa vijana. Piga ripoti pia kwa KCAA, ambao wana watu pale uwanjani. Picha ikianza kusambazwa kwenye WhatsApp, msiisambaze zaidi kwa nia ya kuilaani. Hifadhi namba iliyoituma na saa, upeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inamhusu anayesambaza picha za faragha za mtu. Na bafu lile, tafadhali lipate bati juu wiki hii. Kosa si lako hata kidogo, ila binti anahitaji kuoga leo.

Baadhi ya haya hayafai kushughulikiwa kwa maandishi kama haya. Rufaa ya ilani ya kubomoa inahitaji macho ya wakili kwenye barua yenyewe, maana jina lililoandikwa, namba ya ploti au tarehe iliyokosewa inaweza kubadilisha mkondo wote. Kama ada ni nzito, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapo Kisumu na wamezoea mashauri ya wajane na ardhi. Waambie pia kama hati bado iko kwa jina la marehemu, kwa sababu hilo linaamua nani anastahili kukata rufaa. Binti naye, akikosa usingizi au akiogopa kutoka nje, apelekwe kwa mshauri. Usimwambie tu asahau.

Mwisho, zile karatasi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo usitafute mtu wa kukutafsiria. Mwandikie katibu wa kaunti, nakala kwa idara ya ardhi, kwa maneno kama haya: "Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya picha kamili ya ploti namba fulani na tarehe ilipopigwa, jina la aliyerusha droni na nakala ya cheti chake cha uendeshaji, idhini ya KCAA ya kuruka siku hiyo karibu na uwanja wa ndege, ripoti ya usahihi wa picha na ramani iliyolazwa juu yake, na maelezo ya lengo la kukusanya picha hizo na muda zitakaohifadhiwa. Aidha naomba kujua kama kaunti ilirusha droni Otonglo jioni ya tarehe fulani." Hilo la mwisho usiliache. Wakikana kwa maandishi, polisi watakuwa na mtu mmoja pungufu wa kumshuku.

Wana siku 21 kukujibu. Wakinyamaza au wakikataa, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huijua kama ofisi ya Ombudsman. Chapisha nakala mbili, zipeleke mwenyewe, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala nyingine ya barua hiyo iambatishe kwenye rufaa kabla ya zile siku 14 kwisha.